Mafuta Yanayoondoa Miaka

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kikao cha akina mama wa usharika, nimekaa benchi la nyuma kama kawaida yangu. Mwenzangu aliyekaa kushoto akafungua mkoba, akatoa kakopo ka krimu, akaanza kujipaka mikononi. Harufu ilinifikia kabla kakopo kenyewe sijakaona: harufu ya tango lililokatwa sasa hivi, imechanganyika na sabuni ya kuogea na shuka lililoanikwa juani. Nikaanza kucheka. Nilijitahidi kuchekea tumboni, lakini benchi lilikuwa jepesi, likawa linatikisika na kicheko changu, na yule mama akanigeukia akitaka kujua mikono yake ina nini. Sikuweza kumweleza pale, maana mwenyekiti alikuwa katikati ya sala. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliopakwa mafuta ya mgando kila asubuhi mpaka mkang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, mkaenda shule vumbi lote la barabarani likiwafuata na kuganda usoni.

Kwetu Nyaishozi mafuta yalikuwa ya aina mbili tu. Kulikuwa na hayo ya mgando, ya familia nzima, ambayo baba alijipaka miguuni akienda kanisani na mama aliyatia hata kwenye bawaba za mlango zikilia. Halafu kulikuwa na samli ya bibi. Bibi, mama yake baba, aliishi nasi kwenye boma lile lile, chumba chake kikiwa upande wa migomba, na samli yake aliitunza ndani ya kibuyu kidogo kilichoning'inia ukutani. Aliipaka usoni tangu usichana wake. Alinukia kama ng'ombe mwenye furaha, na ngozi yake ilikuwa laini kweli, lakini hakuna mwingine nyumbani aliyetaka kunukia hivyo. Kwa hiyo habari ya kwamba duniani kuna mafuta ya uso peke yake, ambayo huruhusiwi kuyapaka goti wala mlango, ilikuwa bado haijafika kwetu. Ililetwa na mpiga picha.

Dada yangu Kemi alikuwa amepata kipaimara, na baba akasema lazima twende Kayanga tupigwe picha ya familia, ya studio, yenye pazia la maua nyuma. Tulivaa vizuri. Mama alifunga kitambaa cha kitenge kichwani, kile kinachofanana na gauni lake. Sasa lazima niwaeleze sura za wazazi wangu. Baba alikuwa na uso wa kitoto. Ndevu zilimwota kwa kusitasita, chache hapa, chache pale, na makondakta wasiomfahamu walimwita dogo. Mama alikuwa mdogo kwake, lakini jua la shambani, moshi wa jikoni na misimu ya kuchuma kahawa vilikuwa vimempitia usoni, na alikuwa na tabia ya kukunja paji la uso akifikiri, na alikuwa anafikiri muda wote.

Mpiga picha, kijana mchangamfu, alitupanga kwa haraka. Alimshika mama mkono kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti kilichokuwa katikati. Akamwambia baba asimame nyuma. Akatuelekeza mimi na Kemi tupige magoti mbele. Halafu akarudi kwenye kamera yake, akatutazama, akaridhika.

"Kijana, mshike mama yako bega," alisema. "Wajukuu, inueni vichwa."

Palikuwa na nafasi hapo, fupi, ambayo mtu angeweza kusema neno. Nilimsikia baba akivuta pumzi nyuma yetu. Kisha akaweka mkono begani kwa mama na kusema, kwa sauti ya mtoto mwema, kwamba mama akae vizuri. Mpiga picha akabonyeza. Picha hiyo ipo mpaka leo: baba amekaza midomo ili asicheke, sisi tumetoa macho, na mama ana uso wa mtu aliyeitwa kutoa ushahidi mahakamani.

Baba alicheka kutoka Kayanga mpaka nyumbani. Alipofika alimsimulia bibi, akacheka tena mpaka akaketi kwenye gunia la kahawa. Bibi naye alicheka, kisha akauona uso wa mkwewe, akaanza kutafuta fimbo yake ambayo alikuwa ameishika mkononi. Lakini baba hakuona kitu. Kwa siku kadhaa alimwita mama yetu "mama", akiomba maji, akiomba kandambili zake. Mama alimjibu, "Ndiyo, mwanangu," bila kutabasamu. Jioni moja alimpakulia chakula kwenye sahani yangu, ile ndogo ya plastiki yenye picha ya bata, ndizi zimepondwapondwa vizuri kama za mtoto anayeota meno. Baba alikula. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba mzaha umekwisha, lakini hakujua namna ya kuutoa mlangoni. Akaacha kusema "mama", na mama akaacha kusema chochote kisichohusu ng'ombe, kuni au ada ya shule.

Wiki hiyo sikio langu likaanza kuuma. Mama alinipakia kwenye bodaboda, mimi katikati, tukaenda Kayanga kwenye duka la dawa. Muuzaji alikuwa mama wa makamo kutoka Muleba, amevaa koti jeupe, na kwa ajili ya koti hilo watu wote walimwita daktari. Alikuwa na uso laini usio na hata mkunjo mmoja. Alinitia dawa sikioni, akanifunga pamba, na mama akalipa, lakini hakuondoka. Alibaki akisoma maandishi ya pakiti za dawa za kikohozi kana kwamba amechaguliwa kuzisahihisha. Mwishowe aliuliza, huku akiangalia barabarani, kama kuna kitu cha uso.

Daktari hakumcheka. Alitoa kopo jeupe lenye mfuniko wa kijani na picha ya vipande vya tango, akaliweka mezani. Alieleza kwamba mtu anawe kwanza, ajipake asubuhi na jioni, kidogo kidogo, asisugue kama anayefua. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya siri ambayo sikio langu lenye pamba halikuisikia, lakini la pili liliisikia vizuri sana:

"Hii inaondoa miaka kumi, dada yangu."

Mama alionyesha kwa kidevu kabati la kioo nyuma yake, ambako kulikuwa na kopo jingine, la kioo, lenye mfuniko wa dhahabu, akauliza lile je. Daktari akasema lile ni la bei ya juu, lile linaondoa ishirini. Mama alifikiri, paji la uso likijikunja, halafu akasema kumi inamtosha. Nilijivunia mama yangu kwa kutokuwa na tamaa. Yaani nilielewa kabisa. Kama vile nyama inavyouzwa kwa kilo na kitambaa kwa mita, miaka nayo inauzwa, na mwenye uwezo mdogo huondoa michache.

Asubuhi ya kwanza mama alijipaka kwa mkono wa mtu aliyezoea mafuta ya mgando, mengi, na yakakataa kuingia. Alitoka nje akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi kidevu. Bibi, ambaye alikuwa akiota jua kwenye mkeka wake, alimwangalia muda mrefu, kisha akamuuliza kwa huruma kama unga wote umemwagika au umebaki wa kupika. Mama akarudi ndani. Siku iliyofuata alijifunza. Aliweka nukta moja kwenye paji la uso, moja kila shavu, moja puani, moja kidevuni, halafu akazisambaza taratibu kuelekea juu, amefumba macho. Mimi nilimchungulia kutoka mlangoni. Sijui niseme nini kuhusu dakika zile. Mama yangu alikuwa mtu wa kushika vitu vya wengine: nguo zetu, majembe, ndoo, masikio yetu tukikosea. Sikuwahi kumwona akijishika mwenyewe, tena kwa upole hivyo, kama anayempapasa mtoto asiamke.

Baada ya muda watu wakaanza kuona. Kwa kweli nadhani kilichobadilika ni kwamba alikuwa akinawa vizuri na kupumzisha lile paji la uso mara mbili kwa siku, lakini Jumapili moja baada ya ibada jirani yetu Mama Anisia alimshika mikono, akamzungusha, akatangaza mbele ya wenzake kwamba Mama Kemi amerudi usichana. Wote wakakubali. Amerudi usichana kabisa. Bibi, ambaye alikuwa hapendi jambo lolote litokee bila yeye kulisemea, akasema kwamba amekuwa kaisiki, msichana mbichi, na akiendelea hivi itabidi wamrudishe kwao Bugene, wadai na ng'ombe wao wa mahari.

Akina mama walicheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa na miaka minane. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nikipiga hesabu. Kama mama anarudi nyuma miaka kumi, anarudi mahali ambapo hajanizaa. Nilirudia hesabu kwa vidole, nikatumia na vya miguuni, jibu likawa lile lile. Kesho yake shuleni nilimuuliza mwalimu wetu wa hesabu, nane kutoa kumi ni ngapi. Alisema haitoki. Nikamuuliza kwa nini haitoki. Akasema kwa sababu hapo huna jirani wa kumkopa, na nisimpotezee muda. Nilirudi kwenye dawati langu nikiwa nimeelewa kwamba mimi ni ile hesabu isiyotoka.

Nilimweleza Kemi, kwa sababu alikuwa mkubwa na ana kipaimara. Alikuwa akichambua maharage. Alinisikiliza hadi mwisho, uso wake mzito kama wa mchungaji, kisha akafikiri. Akasema yeye kwa upande wake atabaki na miaka mitatu au minne, siyo mibaya, atakuwa anabebwa mgongoni na hatatumwa maji. Lakini mimi, alisema, ni kweli, sitakuwepo. Akanishika mkono, akaugeuzageuza kwenye mwanga.

"Hata naona umeanza kufifia kidogo," alisema. "Sandali zako utamwachia nani?"

Leo najua alikuwa anajizuia kucheka. Siku ile niliona ni huzuni. Tangu hapo kila asubuhi nilikagua mikono yangu kabla ya kuamka. Nilikagua kivuli changu njiani kwenda shule. Gauni langu la shule, ambalo mama alilinunua kubwa makusudi ili nilikulie, nililiona linanipwaya kuliko jana. Na jioni, mama alipofungua kopo na harufu ya tango kujaa chumbani, nilikuwa nasimama mlangoni nikimwomba Mungu mkono wake uchote kidogo.

Kumwambia mama sikuweza. Nilimwona alivyokuwa akitoka mle chumbani baada ya kujipaka, shingo imenyooka. Mtoto anajua mama yake anapopenda kitu. Nikawaza kwamba labda ameamua. Labda amepima, mimi huku na ngozi huku, na hesabu yake imetoka.

Basi nikatafuta njia nyingine, na njia niliyoipata ilikuwa bibi. Bibi alikuwa na miaka mingi mno, yeye mwenyewe hakujua idadi yake. Akiondolewa kumi hakuna atakayetoweka, na kila kinachopakwa kwa bibi kimepungua kwa mama. Siku ambayo mama alikwenda shambani kuchuma kahawa, nilimkalia bibi karibu na kumweleza habari za mafuta yale, jinsi daktari mwenyewe wa Kayanga alivyosema yanaondoa miaka. Bibi alisema huo ni uongo wa watu wa dukani. Akasema angekuwa mwerevu yule daktari angeondoa mvi zake kwanza. Kisha akauliza kama yanaondoa miaka ya mahali popote au ya usoni tu. Nilisema nadhani popote yanapopakwa. Bibi akaniagiza nikamletee ayaone.

Alilifungua kopo, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi na kutema upande wa kuku. Halafu akakunja kanga yake hadi juu ya mapaja, akanyoosha miguu mbele, akayatazama magoti yake kama mtu anayetazama wakwe wabaya.

"Uso hauna kazi tena kwangu," alisema. "Anayezeeka ni huyu, na huyu."

Akachota kwa vidole vyote vitatu. Goti la kulia likapata sehemu yake, la kushoto ambalo ndilo lililokuwa likimtesa likapata mara mbili, na alisugua hasa, kwa nguvu, kama anayefua, kinyume kabisa cha maelekezo. Nilirudisha kopo mahali pake nikiwa na matumaini kwa mara ya kwanza.

Sijui kama ni kusugua, au kuamini, au ni kwamba mvua zilikuwa zimekatika na baridi ikapungua. Ninachojua ni kwamba Jumapili ile bibi alikataa kubebwa kwenye pikipiki, akapanda kile kilima cha kanisa kwa miguu yake, amemtangulia baba. Alisalimiana na watu wote waliokuwa pale juu, wengine mara mbili. Kuanzia siku hiyo mama akielekea shambani tu, bibi ananiita kwa sauti ya chini. Alifika kwenye viwiko. Alifika kwenye nyayo, ambazo zilikuwa na nyufa za kuingiza sarafu. Na akaanza kumsifu mama, jambo lililowashtua wote. Akasema mbele ya baba kwamba mkwe wake ni mwanamke mwenye akili anayejua kununua vitu. Mama alilipokea hilo kwa mashaka, akaangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

Ndipo kopo likaisha.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama alituita sote sebuleni, akiwa amelishika kopo limeinamishwa chini, na hakikudondoka kitu. Alisema daktari alimwambia litamfikisha mwisho wa msimu wa kahawa, na kahawa bado iko mitini. Alisema hatapiga mtu. Alisema anataka kujua tu. Kisha akaanza kutunusa.

Alianza na mimi. Nilinukia mafuta ya mgando, kwa sababu mimi sikuthubutu kuligusa lile kopo hata kwa ukucha. Mtu wa miaka minane akiguswa na kitu cha miaka kumi, kitabaki nini? Akaenda kwa Kemi, akasimama. Kemi akaanza kueleza, kabla hajaulizwa, kwamba ni puani tu, kwa ajili ya chunusi. Mama akaenda kwa baba. Nakumbuka alivyosita mbele yake, maana walikuwa hawajasogeleana hivyo tangu studio. Akanusa upande mmoja wa shingo. Baba akatazama sakafu, akasema zile ndevu akizinyoa zinamwotesha vipele, na aliona lile kopo lipo tu. Lakini mashavu ya baba na pua ya Kemi haviwezi kumaliza kopo, na mama alikuwa mtu wa hesabu. Alibaki mmoja. Na mkwe hanuswi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake karibu na mlango, uso wake mkavu, umenyooka, unanukia samli kama siku zote. Aliangalia mabati. Tungemaliza hivyo, na kosa lingebaki kwa panya, kama mwanambuzi mmoja aliyezoea kuingia ndani asingepita mlangoni wakati huo. Alinusa huku na huku, akaenda moja kwa moja kwa bibi, akaingiza kichwa chini ya kanga na kuanza kumlamba goti.

Bibi alimsukuma mbuzi kwa heshima zote, akarekebisha kanga yake, akasema mbuzi wa siku hizi hawana malezi.

Nilitegemea mama acheke. Badala yake aliketi. Alionekana amechoka, na lile paji la uso likajikunja tena kama zamani. Alisema basi, haidhuru, kumbe kila mtu alikuwa na shida na uso wake. Alisema akiuza kahawa yake atakwenda tena Kayanga, na safari hii atanunua lile la kabatini, la mfuniko wa dhahabu, na litakaa chini ya godoro lake.

Lile la ishirini.

Nililia kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha. Nilimkamata mama gauni. Nilisema asinunue, tafadhali asinunue, nitaosha vyombo peke yangu, nitaamka mapema, lakini asinunue, kwa sababu akirudi miaka ishirini hata Kemi hatakuwepo, atakuwa kwao Bugene hajui hata kwamba sisi tupo, na mimi nimeshaanza kufifia. Nikamwonyesha mikono yangu. Nikasema na mwalimu amesema haitoki. Kemi, ambaye hakuwa amefikiria habari ya ishirini, alikuwa ametulia kabisa.

Ilichukua muda kunielewa. Mama alinipakata, mtoto mkubwa miguu ikining'inia, akaniuliza kipande kimoja kimoja, na mimi nikamweleza kipande kimoja kimoja: daktari alivyosema, Mama Anisia alivyosema, bibi alivyosema habari za kumrudisha. Nilieleza pia kwa nini nilimpeleka bibi kwenye mafuta, na bibi akakohoa. Baba alianza kucheka, kile kicheko chake cha kutoka Kayanga hadi Nyaishozi. Mama alimtazama. Kilikatika katikati kama redio iliyoishiwa betri.

"Mimi sikutaka kurudi usichana," mama alisema. Alikuwa ananiambia mimi, lakini macho yake yalikuwa kwa baba. "Nilitaka baba yako amwambie yule mpiga picha kwamba mimi ni mke wake. Maneno matatu tu yalimshinda."

Wengi wetu tulikulia kwenye nyumba ambazo baba hakosei, na akikosea basi kesho yake analeta nyama na hakuna anayeuliza ya nini. Kwa hiyo sikujua ninachokiona nilipomwona baba akikaa chini, kwenye sakafu, mbele yetu, mbele ya mama yake mzazi. Alichezea kidole gumba cha mguu wake. Alisema alicheka kwa sababu aliona aibu. Alisema maisha yake yote watu wanamwona mtoto, kwenye mikutano hapewi nafasi ya kusema, na siku ile alidhani akifanya mzaha atakuwa wa kwanza kucheka kabla hajachekwa. Hakufikiri kwamba anayechekwa ni mwingine.

"Nilikosa, Mama Kemi," alisema. "Nilipaswa kusema pale pale."

Bibi alisema kama ni hivyo na yeye analo kosa, kwa kuwa uso ule wa kitoto ni yeye aliyemzaa nao, na wala hakujua utaleta gharama. Mama akacheka. Alicheka kwanza kidogo, kwa pua, halafu yote, na mimi nikiwa mapajani mwake nilitikisika kama niko juu ya bodaboda.

Wiki iliyofuata baba alikwenda Kayanga peke yake, akarudi na makopo mawili ya mfuniko wa kijani. Alituambia daktari alimuuliza kama anamnunulia mama yake. Alijibu kwamba moja ndiyo, la mama yake, la magoti. Na hili jingine ni la mke wake. Alilisimulia hilo mara nyingi sana, kwetu na kwa majirani, mpaka mama akamwambia sasa inatosha, tumesikia una mke.

Lakini hayo yalikuwa ya wiki iliyofuata. Siku ile ile, wengine walipokwisha kutawanyika na bibi akawa anamfukuza mbuzi kwenye maharage, mimi nilibaki mapajani kwa mama, kwa sababu bado nilikuwa na swali. Nilimuuliza, je, kama ikitokea kwa bahati mbaya tu, akajipaka mengi akarudi usichana kweli, angefanya nini.

Mama alifikiri. Alinifuta machozi kwa upindo wa gauni, mkono wake ukinukia tango kwa mbali. Alisema angetoka kwao Bugene siku hiyo hiyo, hata kwa miguu, angekuja kumtafuta baba, na angetuzaa upya wote wawili. Nikataka kujua kwa mpangilio gani.

"Wewe ungekuwa wa kwanza," alisema. "Kemi angesubiri."

Nilishuka pale mapajani mtu mwingine. Nilimkuta Kemi nyuma ya nyumba, ameketi kando ya karai la vyombo, bado hajapata rangi yake tangu aliposikia habari ya ishirini. Nilimweleza uamuzi wa mama. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma, kama walivyosimama watu wazima wakisubiri kusalimiwa. Alinitazama kwa muda. Nadhani hakutaka kuhatarisha chochote siku ile.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mdogo wangu," nikamjibu. "Osha na ile sahani ya bata."